Kujaza balo ya mazoezi nyumbani: maswali tunayoulizwa kila mara hapa Goma

Mtu ananunua balo kubwa ya mazoezi, ile ya kuikalia, anafika nyumbani anafungua boksi, anakuta plastiki imekunjwa, kapompi kadogo, bushoni mbili (vizibo vya kufunga tundu la hewa) na karatasi ya Kichina na Kiingereza, halafu maswali yanaanza. Hapa tumekusanya yale yanayorudi sana, toka kwa wamama wa mazoezi ya asubuhi, wajawazito, watu wa mgongo waliotumwa na kine (mtaalamu wa mazoezi ya viungo), na vijana wa biro. Kuna kitu kimoja utakikuta mara nyingi huku chini juu njo kinaharibu balo nyingi kuliko misumari: balo inajazwa kwa kupima kimo chake, haijazwi kwa kuibonyeza na kidole mpaka ikuwe ngumu.

Nikamate saizi gani?

Angalia urefu wako. Kwenye boksi utaona 45, 55, 65, 75, mara moja moja 85, zote ni santimeta. Mtu wa meta 1,55 mpaka karibu 1,70 anakamata 55, wa 1,70 mpaka 1,85 anakamata 65, mrefu kuliko hapo 75, na mfupi wa chini ya 1,55 anaweza kuenda na 45. Mipaka inatofautiana kidogo toka fabriki moja hadi nyingine kwa hiyo soma na boksi yako. Ukiwa katikati ya saizi mbili chukua ile kubwa, juu balo kubwa unaweza kuiacha chini kidogo ya kipimo chake na ikafanya kazi muzuri, lakini ndogo huwezi kuilazimisha ikue.

Uhakika unaupata ukiikalia. Nyayo zote mbili ziko chini, magoti yamepinda kona ya digri 90, nyonga ziko sawa na magoti ao juu yake kidogo. Magoti yakipanda juu ya nyonga, balo ni ndogo ao bado haijajaa.

Uzito nao uangalie kwenye boksi, fasi wameandika kilo ambazo balo inabeba. Kama wameandika namba mbili, ile ndogo mara nyingi ni ya mtu anayeruka-ruka ao anayefanya mazoezi na vyuma mkononi, ile kubwa ni ya mtu aliyekaa kimya. Wewe fuata ile ndogo. Na kama boksi haina namba yoyote, hata jina la aliyeitengeneza halipo, mimi nisingeinunua hata kwa bei ya kutupa.

Hiyo 65 ni mzunguko ao ni kimo?

Ni kimo. Toka sakafu mpaka juu kabisa ya balo ikiwa imejaa, bila mtu kuikalia. Watu wengi wanafikiri ni kitu cha kukadiria na macho, na macho yanadanganya sana kwa kitu cha mviringo. Balo ya 60 na balo ya 65 ukiziona kila moja peke yake utasema ni sawa, lakini ukikaa juu yake utasikia tofauti kwenye magoti.

Kupima kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya ukuta. Chagua kona fasi sakafu iko sawa, juu nyumba zetu nyingi za planche sakafu inainama upande mmoja, na hiyo inatosha kukupoteza santimeta mbili. Pima santimeta 65 toka chini, piga mstari mdogo na kreyo, ao bandika skochi kama mwenye nyumba hapendi mistari kwenye rangi yake. Sukuma balo iguse ukuta pale pale chini ya mstari. Halafu kamata kipande cha planche kilichonyooka, kirefu kuliko nusu ya kimo cha balo, kilaze juu ya balo, upande wake mmoja uguse ukuta, kisiinamie mbele wala nyuma. Sasa inama uangalie chini ya hicho kipande: kikifika kwenye mstari acha kupompa, kikiupita mstari toa hewa, kikiwa chini bado kazi iko. Ni vizuri muwe wawili, mmoja ashike planche mwingine aangalie.

Njia ya pili ni ya kamba, na mimi njo naipenda zaidi. Ukizungusha kamba katikati ya balo, fasi yake nene kabisa, balo ya 45 inatoa santimeta 141, ya 55 inatoa 173, ya 65 inatoa 204, ya 75 inatoa 236. Meta ya mshonaji kwa kawaida inaishia 150, haifiki, kwa hiyo kata kamba yenye urefu wa saizi yako, kamba isiyovutika, usitumie lastiki ao uzi wa sufu. Unapompa, unazungusha, unapompa tena, ncha mbili zikigusana tu bila kupandana umefika. Hiyo kamba usiitupe, iweke ndani ya boksi pamoja na pompi, utaihitaji kila mara unapoongeza hewa.

Lakini nikiibonyeza inakuwa ngumu kabla haijafika kimo. Si imejaa?

Hapana. Balo mpya plastiki yake ni kaidi, haijazoea kuvutika, kwa hiyo ya 65 inaweza kuwa ngumu kwa kidole ikiwa imefika 58 ao 60 tu. Baada ya siku moja, plastiki ikishalegea, ile ile unaikuta laini. Na kinyume chake nacho kipo: mchana wa jua kali plastiki inalainika, kidole kinakuambia "ongeza", unaongeza, unapita kipimo, na hapo sasa ngozi ya balo inakuwa nyembamba kuliko vile fabriki ilipanga. Kidole kinasikia plastiki, hakisikii kimo.

Na balo iliyojaa muzuri si ngumu kama watu wanavyofikiria. Ukikaa inazama kidogo chini yako, na ni lazima izame.

Kapompi kalikokuja ndani ya boksi kanatosha?

Kanatosha, ila kanachosha. Tufanye hesabu kidogo ili usishangae: balo ya 55 ikijaa inabeba lita 87 hivi za hewa, ya 65 inabeba lita 144, ya 75 inafika 220. Unaona toka 55 kuenda 75 ni santimeta 20 tu lakini hewa inazidi mara mbili na nusu. Sasa kama pompi yako inaingiza theluthi ya lita kila ukisukuma, na pompi nyingi za kinga (baiskeli) ziko karibu na hapo, balo ya 65 itakuomba zaidi ya mara 400. Si kwamba pompi imeharibika, ni kazi yenyewe iko vile. Mpeane zamu na watoto, mpumzike, na pompi ikianza kuwa moto mkononi iache ipoe.

Zile pompi za kusukuma na mguu, na zile ambazo zinaingiza hewa ukisukuma na pia ukivuta, ziko na faida kubwa. Pompi ya umeme ya matela za hewa nayo inafaa sana, inajaza fasi kubwa ya balo kwa dakika chache, lakini nyingi hazina nguvu ya kumalizia, ukifika mwisho unakuta inalia tu bila balo kukua. Hapo unazima, unamalizia na mkono. Na umeme ukikatika katikati ya kazi hakuna shida yoyote, weka bushoni, ngoja, utaendelea ukirudi.

Pompi ya kinga (baiskeli) inaingia?

Moja kwa moja hapana, juu mdomo wake umetengenezwa kwa valvu ya kinga na balo iko na tundu tu la bushoni. Unahitaji kale kamdomo ka plastiki kenye umbo la karoti, kembamba mbele na kanene nyuma, wanakauza pamoja na sindano za mipira ya futiboli, ukiulizia kwenye mtaa wa Birere kwa wanaouza vitu vya spor ao spea za kinga utapata. Sindano yenyewe ya mpira wa futiboli usiitumie, tundu lake ni dogo mno, utapompa mpaka jioni na hewa nyingi itatoka pembeni.

Naweza kujaza kwa mdomo?

Usijaribu. Pumzi ya kawaida ya mtu mzima ni kama nusu lita, hata ukivuta pumzi ndefu sana unatoa lita chache tu, na balo inataka 144. Ukipuliza kwa nguvu mara nyingi mfululizo unatoa gazi kaboniki mingi kuliko mwili unavyotaka, mishipa ya damu ya kichwani inabana, macho yanaona nyota, vidole vinawasha, unaweza kuanguka kabisa. Mwenye presha, mjamzito, mtu aliyepasuliwa tumbo juzi juzi, hao wasiguse kabisa hiyo kazi.

Na seshwari ya nywele?

Ikiwa iko na kitufe cha hewa baridi, na unaweza kuunganisha mdomo wake muzuri kwenye tundu, sawa, itasaidia mwanzoni. Hewa ya moto hapana. Plastiki ya balo ni PVC, inalainika ikipata joto, na fasi iliyolainika njo itavimba peke yake na kuwa nundu.

Kwado wa pale barabarani anaweza kunijazia na kompresa?

Anaweza, na wengi wanafanya hivyo juu kwado yuko karibu na nyumba na bei yake ni ndogo. Lakini muelewane mbele. Kwado kazi yake ya kila siku ni magurudumu ya moto (pikipiki) na ya gari, fasi hewa inatakiwa kuwa ya nguvu sana, na balo inataka nguvu ndogo sana ya hiyo. Kompresa ikiachiwa wazi dakika nzima bila mtu kuangalia, inaweza kuipitisha kipimo kabla hujasema "basi, papa, inatosha".

Kwa hiyo: atumie bastola ya hewa, ile ya kupulizia vumbi, juu kichwa cha valvu ya gurudumu hakishiki kwenye tundu la balo. Apulize kidogo, aache, apulize, aache. Wewe simama na kamba yako mkononi. Mwambie pia atoe maji ya kompresa kwanza kama hajayatoa, juu kompresa inakusanya maji ndani na hutaki yaingie kwenye balo yakae humo.

Ushauri wangu ni huu: kwa kwado jaza nusu ao robo tatu tu, halafu nyumbani malizia na kapompi. Unaokoa mikono, na kimo unakipima wewe mwenyewe kwa utulivu. Na kingine, balo iliyojaa kabisa kuibeba kwenye moto ni hatari, upepo unaisukuma, dereva haoni kioo chake, na nyinyi wawili mko barabarani katikati ya magari makubwa. Ikiwa nusu unaikunja chini ya mkono.

Kwa nini wanasema tusijaze yote siku ya kwanza?

Juu plastiki inatakiwa kuvutika pole pole. Fanya hivi. Toa balo kwenye boksi, ifungue, itandaze ndani ya nyumba masaa mawili hivi mpaka ipate joto la chumba, sana sana kama imetoka depo ya baridi ao umeinunua asubuhi mapema. Jaza mpaka karibu 80 kwa mia ya kimo, kwa balo ya 65 ni kama santimeta 52. Weka bushoni. Iache mpaka kesho saa ile ile, usiikalie, watoto wasiirukie. Kesho ongeza mpaka kimo chake kamili. Siku chache baadaye utaona imelegea tena, hiyo si tundu, ni plastiki inaendelea kuzoea. Pima na kamba, ongeza. Baada ya hapo inatulia.

Wanaoruka hii hatua njo wale wanatuletea balo yenye umbo la yai. Fasi moja ilivutika haraka kuliko nyingine, na ikishakuwa vile hairudi.

Kama kwenye karatasi ya balo yako wameandika masaa mengine ao kipimo kingine cha siku ya kwanza, fuata karatasi yako.

Bushoni inanipa shida. Kuingiza ni vita, kutoa ni vita.

Kuingiza: ukitoa mdomo wa pompi hewa inaanza kutoka, weka kidole gumba kwenye tundu haraka, halafu telezesha kidole na kuingiza bushoni kwa mkono mwingine. Hewa kidogo itapotea, hakuna neno, haiharibu chochote. Lowesha bushoni na tone la maji itateleza vizuri. Isukume mpaka kichwa chake kilale sawa na ngozi ya balo. Bushoni iliyobaki nje nusu inakwaruza sakafu na siku moja itachomoka ukiwa umekaa.

Kutoa: boksi nyingi ziko na kachuma ao kaplastiki ka kung'olea, kenye ncha iliyogawanyika. Kakipotea tumia kishikio cha kijiko, kile bapa, uingize chini ya kichwa cha bushoni na uinue kidogo huku na kidogo kule. Kisu hapana. Mkasi hapana. Meno pia hapana, tumeona watu. Tundu la bushoni likikwaruzwa hata kidogo litavuja maisha yote, na hilo huwezi kulitengeneza.

Bushoni ya akiba iliyokuja ndani ya boksi ibandike na skochi chini ya kifuniko. Kuipata sokoni peke yake ni kazi ngumu.

Inaweza kupasuka nikiwa juu yake?

Inaweza, ila kuna balo na balo. Za bei nzuri zimeandikwa kwamba hazipasuki ghafla: zikitobolewa, hewa inatoka pole pole, unashuka chini kama mtu anayekaa. Hiyo ahadi inasimama kama balo imejazwa kwa kipimo na haina mkwaruzo. Za kawaida zikitobolewa chini ya uzito wa mtu zinaweza kupasuka mara moja, na mtu anaanguka kwa makalio ao kwa mgongo kwenye simenti.

Kujaza kupita kipimo si kitu cha mchezo. Mwaka 2009 huko Marekani balo karibu milioni 3 za kampuni moja ziliitwa zirudishwe juu zikijazwa kupita kiasi zilikuwa zinapasuka watu wakiwa juu yake, na kuna walioumia, hata kuvunjika mfupa. Na dawa waliyopewa wanunuzi ilikuwa nini? Maagizo mapya ya namna ya kujaza.

Nyumba yangu iko juu ya mawe ya volkano. Balo itaishi?

Hili ni swali la Goma kabisa, na tunalipenda. Toka Nyiragongo imwage mwaka 2002, na tena Mei 2021, mitaa mingi viwanja vyake ni lava tupu, mawe meusi yenye matundu matundu na kingo kali zinazokata hata soli ya kiatu. Uani balo haina kazi hapo. Hata kwa dakika tano, hata juu ya mkeka. Kajiwe kamoja kadogo kakibaki chini ya mkeka, uzito wako wote unakashindilia kwenye ngozi ya balo.

Ndani ya nyumba inawezekana kabisa. Viatu vinabaki mlangoni, juu vijiwe vinasafiri ndani ya mistari ya soli. Fagia, halafu pitisha kiganja cha mkono sakafuni, fasi yote ambayo balo itazunguka. Mkono unasikia vitu ambavyo fagio limeviruka: kijiwe, kichwa cha msumari, kipande cha kioo, kibanzi cha mbao. Kwenye nyumba za planche angalia kuta pia, misumari iliyotokeza usawa wa goti njo adui mkubwa, ipige nyundo ao itoe. Kisha tandaza tapi nene ao kirago. Na kabla ya kukaa, zungusha balo pole pole na macho yako karibu nayo, ukiona mkwaruzo ambao ukucha inashika ndani yake, balo hiyo usiikalie tena.

Nguo pia. Toa funguo mfukoni, toa mkanda wa chuma, angalia kitenge chako kama kina pini.

Kila wiki inapungua. Iko na tundu?

Labda, labda hapana. Balo zote zinapoteza hewa kidogo, kuongeza mara moja moja ni kawaida. Baridi nayo inaipunguza bila hewa kutoka: chumba kikitoka digri 30 mchana kikafika 20 usiku, balo ya 65 inaweza kupungua zaidi ya nusu santimeta, halafu mchana inarudi. Kwa hiyo pima saa ile ile kila mara.

Kama unaongeza leo na kesho imelala, tafuta. Changanya maji na sabuni ya unga kidogo, pakaa na kitambaa, anza na bushoni juu asilimia kubwa ya mavujo yako pale. Mapovu yanayokua polepole fasi moja njo jibu. Bushoni ikiwa ndiyo, itoe, isafishe pamoja na tundu lake, mara nyingi ni uzi ao mchanga mdogo umekaa hapo, rudisha, jaribu tena, ikikataa weka ile ya akiba.

Nibandike kiraka kama cha kinga?

Kiraka cha kinga ni cha mpira wa rubberi na gundi yake ni ya rubberi, kwenye PVC kinashika kwa siku mbili na kutoka. Kuna gundi ya PVC inayoshika kweli, lakini hata kikishika, fasi ile haivutiki sawa na ngozi nyingine, na wewe unakaa juu. Waliotengeneza wenyewe wanakataza kubandika balo ya kukalia. Najua bei yake inauma, najua mtu amejinyima kuinunua, na bado nakuambia usiikalie. Ikate, ile plastiki itakusaidia kufunika mifuko ya makala wakati wa mvua.

Mimi ni mjamzito, kuna tofauti ya kujaza?

Kujaza ni kule kule, ila mama, wewe usipompe, mwachie mtu mwingine. Wajawazito wengi wanatumia 65, warefu 75, na kwako nyonga ziwe juu ya magoti bila mashaka, balo isiwe laini hadi uzame, juu kunyanyuka itakuwa shida. Chagua iliyoandikwa kwamba haipasuki ghafla, hapa usibane pesa. Iegemeze kwenye kona ya kuta mbili, miguu peku ao na soksi zenye mpira chini, na mtu awe karibu, hasa mara ya kwanza, kumbuka tumbo linabadilisha namna mwili unavyosimama. Na kabla ya yote ongea na mkunga wako kwenye konsultasyo, kuna hali ambazo atakuambia usubiri.

Watoto wanaipenda kuliko sisi. Tuwaache?

Na mtu mzima pale pale, ndani, kwenye tapi, sawa. Bila mtu mzima, hapana. Mtoto akiilalia kwa kifua inamrusha mbele kichwa chini. Na bushoni ndogo ni kitu cha kukaba koo, zile za akiba zifiche mbali. Kama ni ya mtoto kabisa, nunua ya 45.

Niiweke wapi usiku?

Mbali na dirisha lenye jua, mbali na mbabula. Hii ya mbabula nasisitiza juu nyumba zetu nyingi jiko na sebule ni chumba kimoja, na balo inabingirika yenyewe. Izuie na kiti ao iweke kwenye beseni, ao juu ya kabati. Cheche moja ya makala inatosha. Panya nao wanatafuna plastiki, kama nyumba iko nao ining'inize kwenye wavu.

Inanuka plastiki vibaya.

Ipanguse na maji na sabuni, iache chumba chenye hewa siku kadhaa, harufu inaenda. Usiipake esansi, asetoni wala pafe, zinakula PVC.

Niitumie kama kiti cha biro siku nzima?

Nusu saa hivi halafu rudi kwenye kiti. Uchunguzi uliofanywa haujaonyesha kwamba kukaa masaa mengi juu ya balo kunashinda kiti kizuri, na mtu akichoka anaanza kuinama, haina kitu cha kuegemea. Kwa mazoezi ya tumbo, mgongo na kujisawazisha, hapo njo fasi yake. Ilitengenezwa Italia mwaka 1963 na Aquilino Cosani, na waliofanya ijulikane ni watu wa kine kule Uswisi, Mary Quinton kwa watoto wachanga na Susanne Klein-Vogelbach kwa watu wazima wenye matatizo ya viungo, njo sababu wengine wanaiita balo ya Uswisi. Yaani toka mwanzo ilikuwa kifaa cha mazoezi.

Nasafiri. Niitoe hewa ao niibebe hivyo?

Ukiweza itoe hewa, ila usifanye hivyo kila wiki, juu kila kutoa na kurudisha bushoni kunachosha tundu. Toa bushoni, iache ilale yenyewe, mwishoni ikunje ukisukuma hewa kuelekea tundu, bila kuikalia na bila kuikanyaga. Ikunje kila mara kwa mikunjo tofauti kidogo ili plastiki isikatike fasi moja.

Wanaoenda Bukavu na bato wakiibeba imejaa haitabadilika, Goma na Bukavu ziko kwenye ziwa moja, urefu ule ule wa karibu meta 1.500 toka usawa wa bahari. Ukishuka mpaka Uvira, pale Tanganyika, uko karibu meta 700 chini zaidi, hewa ya nje ni nzito, na balo ya 65 inaweza kufika imepungua santimeta moja mpaka mbili bila kuvuja hata kidogo. Unaongeza ukifika. Hatari iko wakati wa kurudi: ile uliyoongeza kule chini ukipanda nayo Goma itavimba kupita kipimo, kwa hiyo kabla ya kupanda gari toa bushoni, acha hewa itoke kwa hesabu ya kumi hivi, irudishe, na ukifika nyumbani kamata kamba yako upime.